Kikohozi Kilichomo Ndani ya "Njoo na Matope Yako"

Vijana wanaofunga mitambo ya sauti hapa Tukuyu wameniambia kwamba kwa kuwa nimestaafu, sasa nina nafasi ya kuandika niliyoyaona kazini. Nafasi ninayo kweli, ila wanasahau kwamba nina migomba, nina wajukuu, na nina mgongo uliobeba spika tangu enzi spika zilipokuwa zikiundwa kwa mbao nzito kama mlango wa kanisa. Naandika hata hivyo. Naandika hasa kwa sababu juzi nilimsikia mtangazaji mmoja akieleza redioni jinsi wimbo wa "Njoo na Matope Yako" ulivyopatikana, na katika yote aliyosema, jina la wimbo peke yake ndilo lililokuwa kweli. Alisema ulirekodiwa Dar es Salaam. Alisema ule mwangwi wa sauti ya mwimbaji ni ufundi wa studio, na kile kikohozi ni ubunifu wa bendi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kinasa sauti siku ile, na sijafa.

Sikuanza na muziki. Nilianza na majani ya chai. Niliajiriwa kiwandani, chumba cha umeme, nikiwa nimetoka chuo cha ufundi na ovaroli iliyonizidi. Siku ya kwanza msimamizi aliniangalia kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akaniuliza kama nimepotea, kwamba kantini iko upande ule. Nikamwambia kantini nimeipita, nimeona wali wao ulivyo, ndiyo maana nimekuja huku. Alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa amelala chini ya mashine akifungua nati. Alicheka mpaka akagonga kichwa. Huyo ndiye Mzee Anyelwisye, fundi mkuu, na kuanzia dakika ile alikuwa mwalimu wangu.

Mzee Anyelwisye hakunipa testa wala koleo. Alinikalisha juu ya ndoo katikati ya mashine za kusokotea majani, akaniambia nifumbe macho. "Sikia kwanza, binti. Mota yenye homa inapiga kelele kabla haijaungua. Ukishajua ipi inaumwa, ndipo uniombe spana." Nilikaa juu ya ile ndoo hadi nikachoka kuchekwa na wasokotaji. Lakini ikafika siku nikamwambia, bila kufumbua macho, kwamba ya tatu kutoka dirishani ina beringi mbovu, na tulipoifungua tukaikuta. Hakunipongeza. Alinipa testa tu.

Mzee huyo ndiye pia aliyenifundisha adui wa kazi yetu huku Rungwe. Si vumbi, kama mlivyosoma kwenye vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa na watu wa nchi kavu. Ni unyevu. Ukungu wa hapa unaingia ndani ya kila kitu, pamoja na vitu ambavyo havina tundu. Maiki zenu ziwekeni kwenye kopo lenye vipande vya mkaa vilivyofungwa kitambaani. Waya uviringisheni kwa kufuata mkunjo wake wenyewe, msiuzungushe kwenye kiwiko kama mnakunja kamba ya mbuzi. Sisi tulikuwa tukianika vifaa vidogo karibu na vikaushio vya chai, na kwa miaka mingi kila mtambo nilioufungua ulinukia majani. Wengine walidhani natia chai ndani makusudi.

Muziki ulinijia kwa amri. Wakati ule kiwanda chenye heshima yake kilikuwa na bendi, nacho chetu kilikuwa nayo, ikipiga rumba sikukuu za wafanyakazi na wageni wakija. Mtu wa mitambo ya bendi alipohamishwa, Mzee Anyelwisye alinisukumia mimi. Nikamwambia sijui muziki. Akasema, "Mashine ni mashine. Hii inalia vizuri zaidi tu." Basi nikakalia ndoo yangu nyuma ya mikisa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, nikafumba macho.

Kisha zikaja zile zama za soko huria. Madukani sukari ikajaa, mitumba ikajaa, na kiwanda kikapata mwenye mali mpya. Meneja wake alituita uwanjani asubuhi moja yenye ukungu, akasoma majina ya wanaopunguzwa. Bendi nzima ilikuwamo. Lusajo, mpiga dramu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashine za kusokotea. Gwakisa wa gitaa la solo, aliyekuwa chumba cha kuchambulia. Na mimi wa umeme, kwa sababu nilionekana ni mtu wa bendi. Meneja alisema, "Hapa tunauza chai. Hatuuzi nyimbo." Kisha akatuambia vile vyombo vya muziki vilivyo stoo ni takataka, tukitaka tukaviondoe.

Tukaviondoa. Tulivibeba vichwani mbele ya dirisha la ofisi yake, taratibu, ili avione vizuri.

Kweli vilikuwa takataka. Spika zilikuwa zimechanika, amplifaya ilikoroma, dramu moja ilikuwa na kiraka cha ngozi ya mbuzi. Gwakisa alijaribu kupiga rumba, gitaa likatoa sauti ya lori linalopanda mlima kwa gia ndogo. Rumba inataka gitaa lioge, livae, lipake mafuta. La kwetu lilikuwa na tope mpaka shingoni. Gwakisa alikuwa na kaseti moja ya Wazungu wapiga roki aliyoachiwa na mwalimu wa kujitolea, na wale Wazungu, kwa namna fulani, spika zao zilisikika kama nazo zimechanika. Akasema, "Fundi, kama wao wanachana kwa makusudi, sisi tunaona aibu ya nini?" Basi tukaacha kubembeleza vyombo. Tukaamua kunguruma. Bendi tukaiita Wapunguzwa.

Tulipiga nyimbo za kupunguzwa kazi, za mbolea kupanda bei, za duka lililojaa na mfuko mtupu. Wazee walisema ni kelele. Hakuna arusi iliyotualika mara mbili. Lakini vijana wa mashamba ya chai walikuja kila tulipofunga mitambo, wakasimama na magamba ya matope kwenye buti, wakitikisa vichwa. Sikuwahi kujivunia kazi kama nilivyoijivunia ile, na hata leo mtu akiniambia ulikuwa muziki wa vurugu namwambia ndiyo, ulikuwa, na vurugu hatukuianza sisi.

Aliyeyumba kabisa ni Lusajo. Mtu aliyezoea kurudi nyumbani na mkate mkononi anapata taabu kurudi mikono mitupu. Akaenda Masukulu kwa rafiki yake kulima vibarua, akasema atarudi akishakuwa na kitu cha maana. Miezi ikapita. Mkewe, Atupele, alibaki Kawetele na watoto wao wawili, jirani na mji wa baba mkwe wake. Baba mkwe, Mzee Ambakisye, alituma watu Masukulu kumwita mwanawe. Walirudi na salamu tu.

Atupele alikuwa rafiki yangu, mwimbaji wa kwaya, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyotoka mahali pasipoonekana. Siku moja alikuwa jikoni kwangu tukimenya ndizi za kupika. Alikuwa akiimba chini kwa chini, nami niko na zoea langu la kufumba macho. Maneno yalikuwa haya:

Njoo na matope yako, maji ninayo.
Njoo na mfuko ulivyo, mimi sikuolewa na mfuko.
Kama njia inateleza, teleza ukija huku.

Nikamuuliza wimbo wa nani. Akasema, "Wangu. Wa Lusajo. Sijui nimpelekeeje." Nikamwambia kinasa sauti ninacho.

Gwakisa hakutaka. Alisema Wapunguzwa si bendi ya kubembeleza wapenzi, watu watatucheka. Atupele alikuwa bado na kisu cha ndizi mkononi. Akamwambia, "Shemeji, mimi simbembelezi mtu. Namwambia arudi nyumbani." Gwakisa aliufikiria ule usemi, akachukua gitaa.

Tulihitaji mahali pakavu. Lilikuwepo ghala la ushirika pale Kawetele, ushirika wenyewe ukiwa hoi, haununui tena zao la mtu. Funguo alibaki nazo Mzee Ambakisye, yule yule baba mkwe, aliyekuwa mlinzi wa ghala hilo tangu zamani. Majirani walihifadhi humo magunia ya maharage. Leo mnanunua sponji za kubandika ukutani ili sauti isirukeruke. Sponji hazifikii maharage. Mzee alinipa funguo bila kuuliza, akaniambia kesho yake hatakuwepo, anakwenda msibani Suma. Tukachagua kesho yake kwa sababu hiyo hasa.

Hapa lazima niwaeleze jambo nyie mliokulia mjini. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe wake hawakutani. Tunaita ukutila. Akimwona njiani anachepuka na kuinama migombani mpaka apite. Hamtazami, hali naye, haongei naye. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina pande mbili. Mzee mwenye adabu akikaribia mahali ambapo huenda mkamwana yupo, anakohoa, ili yule mama apate nafasi ya kujificha. Siku hizi wengi wanasalimiana na kupakuliana chakula, sibishani nao. Lakini Atupele alilelewa hivyo, na Mzee Ambakisye alizeeka hivyo, na katika miaka yote ya ndoa ile hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Tulifika ghalani asubuhi. Umeme ulikuwepo, jambo la kushukuru, na kaseti tupu ilikuwa moja. Niliweka maiki moja mbele ya spika ya Gwakisa, nyingine mbele ya Atupele, na nyuma yake nikatundika blanketi zito. Mpiga dramu hatukuwa naye, ndiye tuliyekuwa tunamwita. Mvua ilianza tulipokuwa tunajaribu sauti, ikipiga bati sawasawa, bila kukimbia. Gwakisa akasema basi hiyo ndiyo dramu. Nikabonyeza kitufe.

Ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Gitaa lilikuwa likinguruma chini, na juu yake sauti ile nyembamba, haiogopi. Walipoanza ubeti wa pili mlangoni kukasikika kikohozi.

Baadaye nilijua kwamba njia ya Suma ilikuwa imekatika kwa mvua, mzee akageuza, akapita ghalani kuangalia kama magunia yanavujiwa. Alisikia sauti ya mwanamke ndani, akafanya kama adabu inavyotaka. Gwakisa hakusikia lolote, maana akipiga gitaa huwa amefumba macho kuliko mimi. Atupele alisikia. Alishika lile blanketi nyuma yake, akalivuta, akaanguka nalo kati ya magunia, akajifunika gubigubi.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha. Fundi yeyote angesimamisha. Lakini sauti haikukatika. Kutoka chini ya blanketi, kati ya maharage, Atupele aliendelea kuimba. Ilisikika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde wakati wa mvua. Niliondoa kidole. Nywele zilikuwa zimenisimama, nasema kweli tupu.

Mzee Ambakisye akaingia amelowa chapachapa. Akaona kile kichuguu cha blanketi, akaelewa. Angeweza kutoka. Badala yake aligeuka, akaelekeza uso ukutani, akavua kofia, akasimama hivyo hivyo akichuruzika maji. Mkamwana wake yuko chini, anamwambia mume wake aje na matope yake, na baba wa mume amesimama na kofia mkononi anasikiliza. Nilikuwa katikati yao na waya zangu, naona haya kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha wenyewe. Gitaa lilipokwisha kuvuma, mzee alivaa kofia akatoka kwenye mvua.

Atupele akaibuka na vumbi la maharage kwenye nyusi. "Imeingia?" akauliza.

"Imeingia," nikasema.

"Basi naomba ipelekwe Masukulu."

Hapo ndipo Gwakisa alipofumbua macho, akauliza mbona mwimbaji yuko chini.

Kaseti niliipeleka mwenyewe. Lusajo aliisikiliza kwenye redio ya rafiki yake, akaomba irudishwe mwanzo, akasikiliza tena, akainuka akafunga jembe lake. Alifika Kawetele na tope mpaka kwenye mapaja. Atupele alikuwa ameshachota maji. Hayo mengine si ya kwangu kuyaandika.

Kilichofuata hatukukipanga. Lusajo alipita stendi ya Tukuyu kwa jamaa wa kudurufu kaseti, akataka nakala ya akiba kwa kuogopa ya kwanza isije ikaliwa na redio, na ile ya kwanza akanirudishia niitunze. Jamaa naye akajidurufia yake, akaifungulia dukani. Madereva wa malori ya chai wakaitaka. Wakaipeleka Mbeya, Iringa, Dar es Salaam, na wakati ule redio mpya za watu binafsi zilikuwa na njaa ya kitu chochote ambacho redio nyingine haina. Sijui nani aliupiga kwanza. Najua tu kwamba siku moja nilikuwa juu ya ngazi nafunga taa kwa mtu, nikasikia mvua ya Kawetele ikinyesha redioni huku nje jua linawaka, na kile kikohozi kikapita hewani nchi nzima. Nilishuka ngazi nikakaa.

Ndipo akaja Bwana Sefu, msambazaji wa kaseti kutoka Dar, mtu mchangamfu mwenye viatu vyeupe. Tope la Tukuyu lilivipokea kwa mikono miwili. Alitukalisha mimi na Atupele, akasema, "Dada zangu, wimbo ni moto. Lakini tuwe wakweli, ile kazi ni chafu. Tunampeleka mama Dar, anaimba upya studio, tunaweka kinanda, tunaondoa mvua, tunaondoa mzee mwenye kifua. Na picha yake juu ya kaseti, jukwaani asimame mbele. Watu wanataka kuiona sura." Nilipomweleza kwa nini sauti iko mbali, alicheka kwa upole. "Hayo ni mambo ya kizamani, dada yangu. Biashara huria hii."

Wakati huohuo upande wa pili nao ulianza kuchemka. Baba mdogo wa Lusajo alikwenda kilabuni akaukuta wimbo unapigwa, walevi wanauigiza, na mmoja anakohoa kwa mbwembwe. Akarudi amevimba. Akasema mwanamke ametia maneno ya kitandani kwenye masikio ya baba mkwe wake, na sasa aibu hiyo inauzwa kwa kaseti. Akaitisha kikao cha ukoo. Alitaka Atupele asiimbe tena, na tepu yangu ichomwe.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Huyu anasema acha heshima uje na wimbo. Yule anasema acha wimbo ubaki na heshima. Hakuna aliyemuuliza mwenye wimbo. Atupele alikuwa akipalilia mihogo aliponiambia, bila kusimama, "Fundi, hivi hawa hawajaona kwamba siku ile nilivishika vyote viwili? Mikono ninayo miwili."

Kikao kilikaa uani kwa Mzee Ambakisye. Wanaume walikuwa mbele ya nyumba. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, Atupele ameketi nyuma ya ukuta wa mianzi, anasikia kila neno na haonekani. Bwana Sefu naye alikuja bila kualikwa, akapewa kigoda. Baba mdogo akasema yake kwa urefu. Kisha akaniita nitoke, akadai tepu.

Nikasimama mbele yao na kanga yangu ya jikoni. Nikasema, "Tepu ninayo. Sitaitoa ichomwe." Wakaguna. Nikamgeukia Bwana Sefu. "Na wewe sitakupa uisafishe. Hakuna uchafu mle. Kila kilichomo kilikuwepo." Baba mdogo akaniuliza mimi ni nani katika ukoo huu. Nikamjibu kwamba si mtu wa ukoo, mimi ni fundi, na kazi yangu ni kutunza kilichosikika. Sikukaa.

Ndipo Mzee Ambakisye akainua mkono. Akaomba neno.

"Ndaga, asante, mwanangu, kaa," aliniambia. Kisha akawageukia wenzake. "Masikio yanayosemwa hapa ni yangu, na hakuna aliyeyauliza. Siku ile nilikohoa. Yule mama akajificha. Nami nikageuka nikatazama ukuta. Yeye alitunza ya kwake, mimi nikatunza ya kwangu. Nani alikosa?"

"Lakini kaka, aliendelea kuimba," baba mdogo akasema.

"Ena, aliendelea. Na mimi niliendelea kusikiliza. Mbona mimi hamniitii kikao?" Akamtazama baba mdogo. "Nilituma watu Masukulu. Nilikutuma hata wewe. Ulirudi na salamu. Mwanangu amerudi kwa wimbo ule. Sasa mnataka nichome kitu kilichonirudishia mtoto, kwa sababu walevi wanakohoa kilabuni? Waacheni wakohoe."

Bwana Sefu akachanua, akadhani ameshinda. Mzee akamgeukia naye. "Na wewe mgeni, hutamsimamisha mkamwana wangu mbele ya watu kama mbuzi wa mnada, labda atake mwenyewe. Kama yeye anataka kuimba, aimbe. Mimi nataka niusikie nikiwa nimekaa, si nimelowa. Namna ya kutuweka mtaijua ninyi wenye mitambo."

Nyuma ya mianzi nilimkuta Atupele ameinamia magoti yake. Nilidhani analia. Alipoinua uso niliona anacheka, machozi yakitiririka, na ameziba mdomo kwa kanga asisikike.

Namna ya kuwaweka niliijua. Tulikodi ukumbi wa bati mjini, tukashona mashuka na vitenge kuwa pazia moja refu, tukalitundika mbele ya jukwaa upande wa kulia. Lusajo na dramu yake, na Gwakisa na gitaa, wakawa wazi. Atupele nyuma ya pazia na maiki. Kama mtawahi kufanya kazi ya pazia kama hii, jueni kwamba kitambaa kinameza sauti za juu, kwa hiyo maiki iwe karibu na mdomo, na spika ziwe mbele ya kitambaa, wala msizifunike. Wazee wa Kawetele niliwapangia mabenchi ya nyuma, karibu na mlango, Mzee Ambakisye akiwa katikati na kofia magotini.

Watu walijaa. Wafanyakazi wa mashamba ya chai, wanafunzi, madereva waliouvusha wimbo, hata wengine waliopanda kutoka Mbeya. Bwana Sefu alikuja na mpiga picha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno matamu, Gwakisa akamwachia maiki ya kukaribisha wageni. Alikaribisha vizuri. Kisha akaacha kukaribisha. Akauliza, "Ndugu zangu, mmetoka mbali. Mnataka kusikia pazia, au mnataka kumwona?"

Vijana wa mbele wakajibu wanataka kumwona. Bwana Sefu akaanza kutembea kuelekea pazia, maiki mkono mmoja, mkono wa pili umenyooshwa kushika shuka, akiendelea kuhutubia. Mpiga picha akamfuata.

Nikashusha sauti ya maiki yake mpaka chini.

Aliendelea kuchezesha mdomo hatua kadhaa kabla hajagundua kwamba hasikiki. Akaigonga maiki. Akaipuliza. Wanawake wa upande wa kushoto wakaanza kucheka, kisha ukumbi mzima ukacheka. Lusajo akainuka kwenye dramu bila haraka, akaenda akasimama mbele ya pazia na fimbo zake mkononi, hakumgusa mtu. Mkono wa Bwana Sefu ukarudi mfukoni.

Ndipo sauti ya Atupele ikatoka, tulivu, kama tulivyokuwa jikoni kwangu.

"Anayetaka sura yangu aje sokoni kesho, nitakuwa nauza ndizi, ataitazama bure mpaka achoke. Hapa nimekuja kuimba. Asiyetaka kusikiliza, mlango uko wazi."

Hakuna aliyetoka. Gwakisa akafumba macho, gitaa likaanza kunguruma. Lusajo akarudi kwenye dramu. Kabla ya ubeti wa kwanza Atupele akasema tena, safari hii kwangu, "Fundi, wazee walioko nyuma wananipata?"

Nikageuka. Mzee Ambakisye alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio. Nikashika kitufe cha sauti yake, nikaipandisha mpaka mabati ya ukumbi yakatetemeka, na nikaiacha hukohuko.